Tuko sita, tuna cherehani mbili na vitambulisho vya majina ya zamani: tuanzie wapi?

«Mimi ni mwanamke transijenda, yaani nilipozaliwa niliandikwa mwanaume, nina miaka 27, naishi Kisauni, Mombasa. Kushona nilifundishwa na bibi yangu nikiwa mdogo. Tuko sita, wote transijenda, na karibu kila mmoja wetu ameshafukuzwa kazi au nyumbani. Kwa mwaka mmoja na nusu tumeweka akiba kwenye chama chetu, tuna shilingi 96,000 na cherehani mbili. Tunataka kufungua chumba cha kushona madera na sare za shule, na faida isaidie wengine kama sisi wapate ujuzi na pa kulala. Mwenzetu mmoja anasema tusajili CBO, yaani kikundi cha kijamii, tutafute mfadhili. Mwingine anasema hakuna biashara mpaka vitambulisho vibadilishwe, maana majina yaliyomo siyo tunayoitwa. Wa tatu anataka till, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa, isajiliwe kwa kitambulisho cha dada yake. Na wateja je, tuwaambie sisi ni nani? Tukisema naogopa watakimbia, tusiposema watasema tumewadanganya.»

Dada yangu, umeuliza mambo manne na yote nitayajibu, ila niruhusu nianze na la tano ambalo hukuliuliza. Ninyi sita mtakula nini mwezi wa kwanza? Nimekaa na vikundi vingi vya biashara ndogo hapa Pwani, na kinachovivunja mara nyingi si usajili wala maneno ya majirani. Watu sita wanaacha vibarua vyao siku moja, wanajazana kwenye chumba chenye kazi ya watu wawili. Mwezi wa pili wanaanza kutazamana vibaya. Wa tatu cherehani inauzwa.

Tushike dera moja mkononi. Namba ninazoandika ni za mfano. Ukimaliza kusoma zifute, uweke zako kutoka Biashara Street au popote unaponunua jora. Kitambaa 450. Uzi na lebo 30. Umeme 10. Fungu la kutengeneza cherehani 20. Mshonaji 150. Chumba tuseme kodi yake ni 9,000 kwa mwezi, na mnauza madera 150, basi kila dera linabeba 60 ya kodi. Jumla ni 720. Mkiliuza 850 inabaki 130. Mafundi wengi wangekwambia hapo faida ni 400, kwa sababu wanatoa bei ya kitambaa peke yake, na mikono yao wanaihesabu bure.

Sasa rudi kwenye ile 150 ya mshonaji. Madera 150 ni shilingi 22,500 za ujira kwa mwezi. Ukizigawa kwa watu sita, kila mmoja anapata 3,750. Hata mkichukua na ziada yote, ambayo ni 19,500, mkaigawana, kila mtu anaondoka na 7,000, na hakuna hata ndururu iliyobaki ya kumsaidia mtu mwingine. Lakini wakishona wawili tu, ujira wao ni 11,250 kila mmoja, na kazi yenyewe ni madera matatu kwa siku, jambo ambalo fundi aliyelelewa na cherehani kama wewe hulifanya akizungumza. Ziada inabaki nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mgumu kidogo kuusikia: wawili washone, mmoja auze kwa kamisheni, watatu waendelee na vibarua vyao huku wakibaki wenye biashara kamili, wenye kura na fungu. Wataingia kazi ikiongezeka. Najua hili linauma kwa watu ambao kila mlango umefungwa usoni mwao, na ninyi mlitaka huu uwe mlango wa wote tangu siku ya kwanza. Lakini chumba kikifungwa mwezi wa nne, mtakuwa mmemfungulia nani?

Sare za shule ziache zije baadaye. Zina msimu, Disemba na Januari watu wanapigania fundi, kisha kimya. Shule ikichelewesha malipo, 96,000 yenu yote imelala kwenye kabati la mwalimu mkuu. Mkizishona, chukueni nusu ya pesa kabla ya kukata kitambaa.

Nije kwa mwenzako anayesema mngoje vitambulisho. Namwelewa kabisa, kwa sababu yeye anajua fedheha ya kutoa kadi kaunta na karani akainua uso, akatazama kadi, akakutazama tena. Ila kisheria hajasema sawa. Biashara Kenya inasajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kitambulisho ulicho nacho na PIN yako ya KRA, yaani namba yako ya mlipakodi. Jina lako la kwenye kadi linaingia kwenye faili. Jina mlilochagua ndilo linaloingia kwenye bango, kwenye risiti, kwenye lebo ya dera. Mteja hukutana na hilo la pili.

Nikupe mfano wa watu ambao hawakungoja. Argentina alikuwako mwanaharakati transijenda akiitwa Lohana Berkins. Chama chake kilinyimwa usajili, akapambana hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, ikamkubalia mwaka 2006. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakafungua ushirika wa ushonaji huko Avellaneda, jirani na Buenos Aires, wakaupa jina la mwenzao aliyekwisha kufariki, Nadia Echazú. Sheria ya Argentina inayomruhusu mtu kubadilisha jina na jinsia kwenye kitambulisho bila kwenda kortini ilikuja 2012. Hesabu mwenyewe: walishona miaka minne wakiwa na vitambulisho vilevile vya zamani.

Hapa kwetu mambo yako hivi. Jina unaweza kulibadilisha. Wakili anakuandalia hati ya kubadili jina, inasajiliwa, inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha unaipeleka ofisi ya usajili wa watu wakutolee kitambulisho kipya. Alama ya jinsia ndiyo haina njia iliyonyooka ya kiofisi, na mtu akikwambia ana «mtu wake» wa kuibadilisha kwa pesa, kimbia. Kesi inayojulikana zaidi ni ya Audrey Mbugua, ambaye mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limbadilishie jina kwenye cheti chake cha KCSE, kile cha kumaliza sekondari, na kuondoa alama ya jinsia. Mwaka huohuo mahakama iliamuru shirika la Transgender Education and Advocacy lisajiliwe baada ya bodi ya mashirika kulizuia. Kwa hiyo milango ipo, japo mingine inafunguliwa kwa wakili.

Kama yuko mwenzenu ambaye ameshaamua kubadilisha jina, afanye hivyo kabla ya kuandikwa mkurugenzi au kufungua akaunti ya benki. Hati, kitambulisho, PIN, benki, usajili wa laini: mfuatano uwe huo. Anayeanza na benki atarudia safari zote mara mbili, na kila safari ni kaunta nyingine na macho mengine.

La till kwa kitambulisho cha dada wa mwenzenu, hapana. Nasema hapana bila kuzunguka. Pesa ikiingia kwenye till ya mtu, kwenye makaratasi ni ya mtu huyo. Wakikosana yeye na ndugu yake, au ndugu akifa, mtasimama wapi? Na liko jambo jingine zito zaidi kwenu kuliko kwa kikundi chochote. Wapo watu transijenda nchini hapa waliokamatwa wakashtakiwa kwa kujifanya mtu mwingine, kwa sababu tu sura na kadi havikufanana. Mkitumia kadi ya mtu mwingine mnampa askari kisingizio ambacho hakuwa nacho.

Lakini nafahamu kwa nini wazo hilo limekuja, na shida yenyewe ni ya kweli. Mteja amependa dera, amelikunja mkononi, anasema nitume kwa namba gani. Unamtajia namba yako. Anaingiza pesa, na simu inamwonyesha jina la mwenye laini. Jina la kiume. Anainua macho. Kwa sekunde mbili zile biashara yote imekuwa mwili wako. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: till ya Lipa na M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mteja anaona jina la duka, basi. Mkishapata cheti cha jina la biashara, hiyo iwe kazi ya kwanza, hata kabla ya bango. Mkiomba till, mwambieni wakala awaonyeshe jina litakavyotokea kwenye simu ya mteja kabla hamjaondoka.

Sasa CBO. Watu wengi wanaamini kwamba biashara ya kijamii lazima iwe CBO, na kampuni ni ya watu wenye tamaa. Si hivyo. Ukijamii wa biashara uko kwenye kile inachofanya na ziada yake, na nani anashika uamuzi. Fomu ya usajili ni chombo tu, kama sufuria. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka watu kumi kwenda juu. Ninyi ni sita. Ushirika nao unataka kumi. Msikusanye majina manne ya bandia ili mtimize hesabu, kwa sababu hayo majina yana kura.

Mlio nayo ni njia mbili. Jina la biashara kwa ubia ni rahisi na la haraka, lakini deni la biashara ni deni lenu binafsi, anayedai anaweza kuja mpaka kwenye mali zenu za nyumbani. Kampuni ya hisa inasimama yenyewe kama mtu: inaingia mkataba wa chumba kwa jina lake, inadai na kudaiwa kwa jina lake. Gharama yake ni makaratasi ya kila mwaka, na wakurugenzi na wenye hisa wanaandikwa kwenye hati iitwayo CR12, kwa majina ya vitambulisho, ambayo mnunuzi mkubwa au benki ataiomba. Kama kuna mwenzenu ambaye jina hilo likionekana litamweka hatarini, mlijadili hilo mapema naye akiwepo. Mimi ningewaanzisha na jina la biashara kwa mwaka mmoja, halafu kampuni mkiona wateja wamesimama. Mkifika kumi, na mkiwa mnaaminiana, ushirika ndio ninaoupenda kuliko vyote, kwa kuwa kila mtu ana kura moja hata kama hisa zake ni chache.

Vyovyote mtakavyosajili, andikeni karatasi yenu wenyewe ya ukurasa mmoja, mtie saini wote sita. Ziada inagawanywa vipi: kwa mfano nusu inabaki kwenye biashara, robo inagawiwa wenyewe, robo inaenda kwa lengo la kijamii. Mtu akitaka kutoka analipwa nini na kwa muda gani. Akifariki, fungu lake linakwenda kwa nani, maana familia iliyomfukuza inaweza kuja kudai cherehani siku ya matanga. Nani anashika daftari, nani anashika PIN ya till, na wasiwe mtu mmoja. Urafiki wenu ni wa kweli, siutilii shaka, ila pesa ni pesa.

Kuhusu mfadhili nitakuwa mkweli. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo vya afya vilivyokuwa vikiwahudumia watu kama ninyi hapa Kenya vilifunga milango, vingine ndani ya siku chache, na wahudumu transijenda waliokuwa wameajiriwa humo wakarudi nyumbani bila mshahara. Hawakuwa wamekosea lolote. Kalamu ilitembea mbali sana nao. Siwakatazi ruzuku. Ikija, inunue kitu kinachobaki: ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, meza ya kukatia, ada ya mafunzo. Isilipe kodi ya chumba wala mishahara, kwa sababu siku itakapokatika hivyo viwili ndivyo vitakavyokatika nayo. Dera lilipe kodi yake lenyewe.

Mikopo ya serikali mwiangalie kwa jicho la mlango. Mfuko wa wanawake afisa atasoma kadi inasema nini, na kwako wewe huenda mazungumzo yakaishia hapo, kwa uchungu. Mfuko wa vijana unatazama umri. Una miaka 27, kadi yako inasema 27, hakuna wa kubishana. Vivyo hivyo na AGPO, ile asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu: biashara ambayo vijana wa miaka 18 hadi 35 wanamiliki angalau asilimia 70 inaingia kwa mlango wa vijana. Tafuteni kila mara mlango unaouliza umri, ujuzi au hesabu, muuache ule unaouliza jinsia mpaka sheria ikae sawa. Hustler Fund, iliyoanza Novemba 2022, haiulizi jinsia pia, ila mkopo wake wa binafsi unarudishwa ndani ya siku 14. Hiyo ni pesa ya kuongezea jora wakati mteja ameshaweka oda. Ovaloki hainunuliwi nayo.

Na kodi ya serikali. Madera 150 kwa 850 ni mauzo ya 127,500 kwa mwezi, nayo ni zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka, na kuanzia milioni moja hadi milioni 25 kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayotozwa kwenye mauzo yote hata kabla ya kutoa gharama. Kwa dera la 850 ni shilingi 25 na nusu. Itoe kwenye ile 130 tangu leo, isije ikawashtua.

Sasa wateja. Dada, hamjamdanganya mtu. Mteja amekuja kununua mshono. Ukiwa umenyooka na bei ni ile mliyosema, haki yake ameipata. Hakuna anayemuuliza muuza mahamri mambo ya mwili wake kabla ya kula. Wako wanaochagua kuwa wazi na wakafanya uwazi wenyewe kuwa kazi, kama Angelica Ross aliyeanzisha TransTech huko Chicago mwaka 2014 kuwafundisha watu transijenda kazi za teknolojia. Alikuwa Chicago, na hiyo ndiyo biashara aliyoichagua. Ninyi mko Kisauni, mnauza madera, na kila mmoja ana mama, mwenye nyumba na mtaa wake. Uamuzi wa kujitaja ni wa mtu mwenyewe, si wa kikundi, na mwenye kusema leo asiwasemee wengine watano. Hilo liwemo kwenye ile karatasi yenu: hakuna anayemtaja mwenzake, hakuna picha ya uso inayowekwa mtandaoni bila ruhusa ya mwenye uso, na mwandishi au mfadhili akija hapewi «hadithi» ya mtu ambaye hayupo chumbani. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inaihesabu jinsia ya mtu kuwa taarifa nyeti. Hata daftari lenu la wanachama lifungiwe.

Mkija kwenye lengo la pa kulala, nawaomba mlipe uzito kuliko mnavyodhani. Mwaka 2017 reli ya jiji la Kochi, India, iliajiri zaidi ya watu ishirini transijenda kwa mkupuo, dunia ikapiga makofi. Baada ya muda mfupi baadhi yao wakaacha kazi. Mshahara ulikuwepo, hakuna aliyetaka kuwapangisha chumba. Kwa hiyo ile robo ya ziada msiitawanye kwa mambo kumi. Anzeni na mfuko wa amana ya nyumba: mwanafunzi wenu wa kwanza akipata kazi, mfuko unamlipia amana ya chumba, naye anarudisha kidogokidogo ili apate anayemfuata. Na chumba cha kazi chenyewe kiwe na mkataba wa maandishi wenye muda wa notisi. Mwenye nyumba akisikia maneno akawataka mtoke jioni hiyohiyo, karatasi ndiyo itakayowanunulia wiki za kuhamisha vitu.

Yapo mambo ambayo barua haiyatoshi. Kubadili jina nenda kwa wakili ana kwa ana, na hati ya CR12 mwonyeshe kabla hamjasaini. Mkikamatwa au kufurushwa, msijadiliane na mtu mlangoni: Katiba inakupa haki ya kuambiwa sababu, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na huduma ya msaada wa kisheria ya serikali ipo kwa asiye na uwezo. Andikeni namba ya wakili mmoja ukutani, nyuma ya mlango. Mauzo yakikaribia milioni kwa mwaka, mlipeni mhasibu wa saa mbili kila robo mwaka. Na kama yuko kati yenu anayeamka usiku na mawazo ya kujidhuru, hilo lisingoje biashara isimame. Apelekwe leo kwa mshauri au daktari mnayemwamini, na asiende peke yake.

Kabla hamjalipa hata shilingi ya chumba, nunueni jora moja, shoneni madera 20 hapo nyumbani kwenu, muuze kwa bei kamili kwa watu ambao si marafiki zenu. Andika kila gharama hadi nauli ya matatu ya kwenda kuchukua uzi, na siku ngapi zimepita hadi la ishirini likaondoka. Kisha niandikie tena ukiwa na daftari hilo mkononi, tukae tulisome pamoja.